Wadakaji Tisa wa Wexel

Bahasha ya Gus Amundsen ilifika Jumanne, imebanwa katikati ya bili ya umeme na tangazo la mbolea. Bi Darla Kopecky wa posta aliigonga kwenye kaunta mara mbili, kama anavyogonga kila kitu, kisha akapaza sauti, ingawa mtu pekee aliyekuwa ndani alikuwa amesimama mbele yake.

"Verlin Tuttle! Una barua!"

"Nipo hapa, Darla. Sijafa."

"Najua upo. Hii ndiyo kazi yangu, niache niifanye."

Verlin aliipokea kwa mikono miwili. Tangu mkewe Lorene azikwe, hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee katika mji wa Wexel, pengine katika Kansas nzima, iliyomwita kwa jina lake lote. Ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Posta ikiwa imefungwa, kama Jumapili, hakuona sababu ya kuvaa soksi.

Barua zenyewe zilitoka kwa watu asiowahi kuwaona. Walikuwa wakusanyaji wa kadi za besiboli kama yeye, waliotawanyika kutoka Minnesota mpaka Alabama, kila mmoja na masanduku yake ya viatu yaliyojaa picha za wachezaji. Hawauziani. Ukipewa unarudisha, na ukirudisha unaongeza kidogo, kwa hiyo ugomvi huo wa ukarimu hauishi mpaka mmoja afe. Wana utani wao pia. Kila mara kuna kadi ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeitaka. Ukitaka kumchokoza mwenzio unamtumia hiyo, kisha unawashawishi na wengine wamtumie, mpaka atamani kuhama.

Mwaka huo kadi ya utani ilikuwa ya Dewey Plunkett. Alikuwa mdakaji wa akiba, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayomshinda huyo, katika timu iliyovunjwa zamani bila mtu kulia. Pichani amechuchumaa, glavu wazi, masharubu kama brashi ya viatu. Gus alikuwa ameandika, "Mzee, nimekuletea mgeni. Mpe kahawa."

Verlin alibandua utepe wa gundi, ambao Gus alikuwa ameukunja ncha kama wafanyavyo wakusanyaji wenye adabu, akaiweka kadi mezani, akaenda chumbani kutafuta miwani. Aliporudi, Plunkett alikuwa amechuchumaa kando ya friji, mwili mzima, kofia kaigeuzia kisogoni.

"Chakula kipo?" aliuliza.

"Soseji za jana."

"Zinafaa."

Verlin akazipasha moto. Hakuuliza mengi. Mtu akishafika umri fulani, akishazika watu kadhaa, hujua kwamba mgeni ni mgeni. Isitoshe, Plunkett alijua tu yale yaliyochapwa nyuma ya kadi yake: urefu, uzito, kwamba hakuna mpira uliowahi kumpita, na kwamba msimu ukiisha huuza mazulia.

"Sebule hii," alisema huku akitafuna, "ingependeza na zulia."

Mwezi haukuisha kabla wale wengine hawajatuma za kwao, na kila bahasha ilikuja na Plunkett wake. Walipofika tisa Verlin alinunua sufuria kubwa. Hawakuwa wageni wabaya. Walitandika walipolala na kuosha vyombo, ila walikuwa wakitafuna mbegu za alizeti tangu asubuhi na kutemea maganda kwenye vyungu vya maua vya marehemu. Na kila mmoja, kwa wakati wake, alimvuta Verlin kando kwa siri akamweleza habari ya zulia.

Siku moja walitaka kucheza. Tisa ni timu kamili, hilo halina ubishi. Wakatoka uani, wakachuchumaa wote katika duara, glavu wazi, wakasubiri mtu arushe. Walisubiri mpaka chakula cha mchana. Wakaingia ndani wakisema mchezo ulikuwa mzuri.

Ndipo tangazo likabandikwa mlangoni mwa posta. Lilisema kwamba wakubwa wameamua kuboresha huduma.

Watu wa Wexel waliogopa neno hilo kuliko kimbunga. Kimbunga hupita. Wakubwa waliwahi kuboresha shule, na sasa ndani yake wanalala popo. Kisha wakaboresha zahanati, na Lorene akafia kwenye gari la wagonjwa katikati ya mashamba ya mahindi, dereva akiitafuta hospitali iliyoboreshwa. Baadaye waliwasilisha salamu za rambirambi, wakakosea jina.

"Wanataka kuona kama tuna wateja," Darla alisema. Siku hiyo hakugonga kaunta. "Anakuja mkaguzi Alhamisi kukaa na kuhesabu. Wasipotosha, ndiyo kwaheri."

"Unataka wateja?" Verlin akauliza.

"Nataka wateja, Verlin. Sitaki mawazo yako."

"Wateja ninao nyumbani. Wananimalizia mkate."

Mkaguzi aliitwa Fenwick. Alikuwa kijana aliyenyolewa vizuri, mwenye viatu vinavyong'aa ambavyo havijawahi kukutana na kinyesi cha ng'ombe. Alivuta kiti akakaa karibu na dirisha, kalamu mkononi. Kule nyumbani Verlin alikuwa amewachana nywele Plunkett wote tisa kwa maji.

"Kila mmoja anunue stempu," aliwaambia. "Mseme ahsante. Msitemeteme. Na zulia, nawaomba, zulia msilitaje."

Walijipanga foleni kutoka kaunta mpaka nje kwenye mlingoti wa bendera. Mbwa wa mji walikuja kuitazama, maana hawakuwahi kuona foleni. Mmoja baada ya mwingine wakanunua stempu, wakasema ahsante mama, wakatoka. Wa nne tu ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alisimama mbele ya mkaguzi, akaangalia sakafu kwa masikitiko, akasema ofisi kama hii ingependeza na zulia.

"Nitalifikisha," alisema Fenwick, akaandika.

Ulipofika wakati wa kufunga alifunika kalamu yake.

"Mteja mmoja," alisema.

Darla akaegemea kaunta. "Bwana mdogo, macho yako yana nini? Foleni ilifika kwenye bendera!"

"Ilifika, mama. Lakini mtu ni yuleyule."

"Ni tisa!"

"Ni Plunkett. Niliwauliza majina mlangoni. Mteja akirudia anahesabiwa mara moja, ndiyo kanuni."

"Hajarudia! Walikuwa wamesimama pamoja, huyu nyuma ya huyu!"

"Kanuni haisemi kwamba lazima aondoke kwanza ndipo arudie."

"Na mimi je?" Verlin akauliza. "Nipo hapa tangu asubuhi."

"Wewe mzee ulisimama pembeni. Hukununua kitu."

"Basi nipe stempu, Darla."

"Tumeshafunga," alisema Fenwick kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Ndivyo walivyo wakubwa. Wasomeshe sana, na kwako tisa huwa moja. Nenda katazame mishahara yao uone kama moja haikuwa tisa.

Posta ikafungwa. Bendera ilishushwa, na Darla akapewa kikombe cha kahawa chenye maandishi ya kumshukuru, kimepasuka mshikio. Barua za Wexel zikawa zinaachwa kwenye masanduku ya chuma kule njia panda ya barabara kuu, mbali kiasi kwamba mtu mzima akienda kwa miguu hurudi kesho. Verlin alikuwa na gari zuri tu, lakini leseni yake ilichukuliwa na wakubwa wengine, wa barabara, kwa sababu ya jicho la kushoto. Alibaki kitandani, soksi zake zikiwa kwenye droo. Hakuna aliyemwita jina.

Plunkett walilijadili jambo hilo jikoni. Mjadala haukuwa mrefu, maana kila mmoja alikuwa na wazo lilelile.

"Ufunguo wa sanduku uko wapi?" mmoja alimwuliza Verlin kupitia mlango wa chumba.

"Kwenye msumari. Mnakwenda wapi?"

"Kazini."

Wa kwanza alitembea mpaka njia panda. Wa pili akaishia anapoweza kumwona wa kwanza, wa tatu anapoweza kumwona wa pili, hivyo hivyo mpaka wa tisa akachuchumaa kwenye lango la Verlin. Mrushaji hawakuwa naye, ni kweli, lakini mdakaji akishadaka lazima arudishe, na mkono wa Plunkett, kwa yote mengine aliyokosa, ulikuwa mkono. Barua ilizungushwa kwenye mpira wa besiboli, ikafungwa kwa rababendi, ikaruka juu ya mahindi. Pah! Ikaruka tena. Pah! Ng'ombe waliinua vichwa mara ya kwanza, mara ya pili hawakujisumbua.

Kwanza walileta za Verlin peke yake. Majirani wakaona, wakaja na funguo zao, wengine na mkate wa mahindi. Darla akatoa meza barazani kwake akawa anapanga barua za mji mzima, bila mshahara, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui kufanya kingine.

"Verlin Tuttle!" alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Una barua!"

Verlin akatafuta soksi.

Hasara ilikuwepo. Kadi zilifika zimepinda kama ganda la ndizi, na kwa mkusanyaji kona iliyokunjika ni msiba. Verlin alizilaza chini ya vitabu vya mapishi vya Lorene, akaziombea. Mwenye kiu hachagui kikombe.

Wakubwa wakasikia kwamba barua za Wexel zinafika mapema kuliko zilivyowahi kufika. Fenwick akatumwa tena. Aliegesha gari kando ya barabara, akatazama mpira ukipita juu ya kichwa chake, akaandika. Plunkett wa karibu alimwuliza kama ameshapata nafasi ya kulifikisha lile la zulia. Fenwick alijibu kwamba liko mezani kwa mkubwa wake.

"Umeona mwenyewe," Darla alimwambia. "Watu wanarusha barua kama mipira, bwana. Tufungulieni posta."

"Nimeona, mama," alisema Fenwick. "Huduma ni nzuri sana, na haitugharimu chochote."

Gazeti la wilaya lilitoa picha ya mkubwa wake akipewa tuzo. Aliwashukuru watu wa Wexel, waliothibitisha kwamba posta haihitaji posta. Kwa uthibitisho huo wakafunga nyingine kadhaa, mpaka Minnesota, ikiwemo ya mji wa Gus Amundsen.

Barua ya Gus ilifika imeviringika, ikabidi Verlin aikandamize kwa viwiko ndipo aisome. Aliwasomea Plunkett kwa sauti wakati wa chakula cha jioni.

"Mzee," Gus aliandika, "kumbe ule ulikuwa utani. Sasa sina posta, nina mguu mmoja wa kuaminika, na theluji inakuja. Nasikia kwako wanafanya kazi. Hukosi wawili wa kunirudishia?"

Plunkett tisa walitazama sahani zao.

"Minnesota kuna baridi," mmoja akasema.

"Baridi kweli," akaitikia mwingine.

"Nyumba za baridi," alisema wa tatu polepole, "zinahitaji mazulia."

Wawili wakainuka papo hapo. Hawakuwa na mzigo ila mbegu za alizeti. Walichuchumaa kando ya friji, wakafungua glavu, wakatazama mbele kama wanavyotazama pichani, na Verlin akawaokota sakafuni, wakiwa kadi tena, kwa kushika kingo, asiwachafue. Kisha akaongeza kadi nyingine nzuri mbili, moja ambayo kwa kweli hakutaka kuitoa, kwa sababu ukirudisha lazima uongeze. Bahasha ilirushwa kuelekea njia panda, safari hii kutoka lango la Verlin, na wale saba, wakikimbia kuziba nafasi za wale wawili, waliidaka kwa uangalifu zaidi ya kawaida.

Asubuhi waligawana barabara upya. Kila mmoja alirudi nyuma kadiri mkono wake ulivyoruhusu, na bado mbele ya mji palibaki pengo ambalo mkono wa Plunkett haukuweza kulifikia. Mpira wa kwanza ulianguka kwenye mtaro. Ulikuwa na dawa za presha za mjane Hobart.

Verlin aliona kutoka dirishani. Akavaa soksi, akavaa viatu, akachukua glavu ya akiba ya mmoja wa walioondoka, iliyokuwa imesahaulika juu ya friji, akatembea taratibu mpaka katikati ya pengo. Jicho la kushoto lilikataliwa na serikali, lakini la kulia lilikuwa lake. Akachuchumaa. Magoti yalilia kama mlango wa ghala. Kule mbali, juu ya mahindi, Plunkett mmoja akamwinulia mkono, naye akainua wake.

Mpira ulikuja. Ulimwuma kiganja mpaka begani, lakini haukumpita. Akafungua rababendi, akasoma jina kwa shida. Haikuwa yake. Akaufunga tena, akainuka kwa awamu, akamrushia Darla barazani, kisha akachuchumaa kusubiri unaofuata.