Nyanya wa Kwenye Skrini

Detlef Rausch alitengeneza michezo ya kompyuta tangu ujana wake kule Leipzig. Mmoja uliwahi kupendwa Ujerumani nzima. Iliyofuata haikushika, kampuni ikafungwa, wenzake wakatawanyika. Mvi zilikuwa zimeshamjaa alipoitwa Dubai na tajiri mmoja aitwaye Hafiz amtengenezee mchezo, akafikia hoteli ya Al Barsha.

Mapokezi pale alikuwepo Agneta, Mkenya wa Bungoma. Detlef alipenda kumsikia akiongea Kiswahili na wenzake. Ndani ya mchezo wake mpya mlikuwa na bibi anayewapokea wasafiri waliopotea, basi akamwomba Agneta sauti yake. Siku ya mapumziko Agneta akaenda studio, akafumba macho, akasema kama nyanya yake alivyozoea kusema: "Karibuni wanangu. Sogeeni motoni. Nyote ni wangu."

Detlef alitokwa na machozi.

Lakini Hafiz alipouona mchezo alisema umepooza. "Huyo bibi mfanye mchawi. Awakaribishe, kisha awale. Sauti iache vilevile, inatisha vizuri."

Detlef alifungua kinywa kubisha, akakumbuka alivyokaa Leipzig bila kazi. "Sawa," akasema.

Agneta hakuambiwa. Kila asubuhi alipomsalimia, Detlef alijifanya anatafuta simu mfukoni.

Siku ya uzinduzi Agneta alifika amevalia gauni la kanisani, pamoja na rafiki yake Loise na wanakwaya wenzake kadhaa. "Ngojeni mumsikie nyanya yangu," aliwaambia. Skrini ikawaka. Kikongwe mwenye meno ya chuma akainua mikono: "Karibuni wanangu." Akammeza msafiri mzimamzima. Ukumbi ukaangua kicheko, na mwanakwaya mmoja naye akacheka kabla hajajizuia.

Agneta alimfuata Detlef kando ya jukwaa.

"Sir, ulijua?"

Angeweza kumtupia Hafiz lawama. "Nilijua," akasema, uso ukimwaka.

"Nyanya alilea mayatima kwa maneno hayo." Agneta akageuka, akatoka.

Detlef alimwendea Hafiz katikati ya wageni. "Iondoe sauti ile, au nipande jukwaani niwaeleze tulivyoipata."

"Ukipanda, khalas, imekwisha, huna kazi."

"Basi sina."

Hafiz aliogopa aibu mbele ya wageni, akakubali. Sauti ikabadilishwa kabla mchezo haujaanza kuuzwa. Jina la Detlef nalo likafutwa kwenye mchezo, akaambiwa afungashe.

Asubuhi ya kuondoka alimweleza Agneta yote, amesimama mbele ya kaunta kama mtoto aliyevunja chungu.

"Asante kwa kuiondoa," Agneta alisema taratibu. "Lakini kuna mtu alirekodi siku ile, na video imefika Bungoma. Mama ananiuliza kwa nini nimemgeuza mama yake mchawi."

"Umemjibu nini?"

"Bado sijampigia."

Detlef akaweka ufunguo wa chumba juu ya kaunta. Nyuma yake mgeni mwenye masanduku alikuwa akisubiri zamu. Akampisha.