Herufi Mbili

"Huyu atachapa tu, macho yake hayafiki kwenye maana," Profesa alimwambia mwenye duka, nami nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nabana kurasa za mteja mwingine. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsifu punda kwa kutopiga teke.

Uprofesa alijipa mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada moja, na alikuwa mchumba wangu. Mimi niliishia darasa la saba. Mwaka wa sita huo nilikuwa nakaa kiti kilekile, kati ya dirisha na mashine ya fotokopi, nikichapa barua za kazi, maombi ya vyuo, talaka, wosia. Ukichapa mambo ya watu miaka sita, unayoyajua si machache.

Kwa wiki tatu alikuwa akipima vyuo viwili. Cha kwanza ungekifikia kwa miguu: masomo jioni, ada ya mtu wa kawaida, ualimu wake unabaki, ndoa yetu inafungwa mwaka uleule. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya mpaka, miaka miwili, ada ya kukausha koo. Lakini wahitimu wa kule, alisema, hawaombi kazi, wanaombwa.

"Wewe unaonaje, mpenzi?" aliniuliza kila siku, mdomo umejaa chakula nilichopika, kisha akajijibu kabla sijafumbua wangu.

Nilikuwa na akiba ya kufungulia duka langu la uchapaji. Yeye aliiita "ada yetu". Hapo ndipo nilipoanza kuliona hilo neno "yetu" lilivyo na mikono mirefu.

Basi siku hiyo alileta barua ya chuo cha mbali, mwandiko umeegemea upande mmoja kama mlevi ukutani. Mstari wa pili ulinisimamisha.

"Mwalimu, umeandika shahada ya uzamivu. Si unataka uzamili? Uzamivu ndio ule udaktari, unakuja baadaye."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama Wino, njoo usikie! La saba ananisahihisha!" Kisha akanigeukia. "Mpenzi, wewe ni vidole. Kichwa niachie mimi."

Mama Wino, mwenye duka, alimtazama, akanitazama. "Haya, vidole, chapeni," akasema, akaingia stoo haraka. Namjua. Alikwenda kucheka.

Nikachapa uzamivu wake, herufi kwa herufi. Nikafika aya ya nne: *Sina mchumba wala jukumu lolote la kifamilia litakalonizuia.*

Niliisoma mara mbili. Yeye alikuwa benchini, miguu kaitandaza njiani kiasi kwamba wateja walimruka, anapiga mluzi. Nilingoja hasira ije. Haikuja. Nilijiona tu kama mtu aliyebeba mzigo mwendo mrefu, akaufungua njiani na kukuta maganda.

Akatia saini bila kusoma.

"Sasa, ile ada yetu?"

"Kamwombe mchumba wako."

"Si ndiye wewe?"

"Soma aya ya nne."

Akasoma. Hata haya hakuona. "Aa, hiyo! Hiyo ni lugha ya maombi, mpenzi. Ni mambo ya kisomi, huwezi kuyaelewa."

"Pengine," nikasema. "Anayefuata!"

Chuo kilimjibu kwa mistari miwili: sifa zake hazitoshi kwa uzamivu, aombe ngazi inayomfaa. Wakati huo chuo cha karibu, ambacho alikuwa akikiita cha wavivu, nacho kilikuwa kimefunga maombi. Mwaka ukapita akifundisha darasa lilelile, akiwaambia wenzake kwamba kuna watu wanamwonea wivu.

Mwaka uliofuata alinikuta kwenye duka langu, mtaa wa pili. Palikuwa na foleni. Alijaribu kuipita, mama mmoja akamrudisha nyuma kwa kiwiko. Zamu yake ilipofika, alinyoosha karatasi ileile, mikunjo yake imeanza kutoboka.

"Sahihisha popote utakapoona pana kosa," alisema, kwa sauti ambayo hakutaka mama wa kiwiko aisikie.

Nilisahihisha makosa kumi na moja. Aya ya nne sikuigusa. Ilikuwa imeshakuwa kweli.