Kivuli Juu ya Paneli ya Tatu

Wateja wa sola ni wa aina mbili: anayetaka rahisi na anayetaka kubwa. Bi Lilavati hakuwa katika aina yoyote. Aliingia dukani kwangu mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mama wa Kihindi aliyekwisha kuzeeka, sari ya kijivu imefungwa vizuri, akazipita paneli zote ambazo fundi wangu Uwesu huzipanga mbele zing'ae, akaniuliza, "Ipi inaweza kukaa juu ya Kosta bila kulibonyeza paa?"

"Shikamoo mama. Kosta ya abiria?"

"Marahaba. Ya kulala. Ina kitanda, jiko na friji. Haina umeme."

Nilidhani ananitania. Bongo watu hawalali kwenye gari, labda liwe limewaharibikia Chalinze. Lakini yule mama hakuwa na sura ya utani. Akaeleza kwamba marehemu mumewe, Shashikant, aling'oa viti vya ile Kosta kwa mikono yake akaifanya nyumba, ili wakizeeka waizunguke nchi. Walikuwa wamezaliwa hapa, wakaoana hapa, na walichokiona cha Tanzania ni duka na hekalu. Mume akafa mwaka jana kabla hawajatoka hata Upanga. Sasa yeye anataka kwenda, na dereva wa kumwendesha ameshampata.

"Na watoto wanasemaje?" nikauliza, maana umbea nao ni sehemu ya biashara.

Mwanawe Kartik alikuwa amesema jambo moja tu. Mama ana kisukari, anajichoma sindano za insulini, na insulini haitaki joto. Friji ya gari ikiweza kufanya kazi kwa jua peke yake, mama aende. Ikishindwa, gari linauzwa, na mnunuzi alikuwa tayari ameshapatikana, mtu wa kurudisha viti na kupakia abiria wa Mbagala.

Basi hapo nikamwonea huruma, nikamchagulia kama ninayemchagulia mama yangu. Nilimkatalia zile paneli nyembamba zinazokunjika, ambazo vijana huzisifia kwa sababu ni nyepesi; zikibandikwa moja kwa moja kwenye bati la gari kwa jua letu hili, zinapikika kama chapati. Nikampa nne za kioo, ndogo ndogo, za kukaa juu ya mabano ya alumini ili upepo upite chini yake. Alizigonga moja moja kwa kidole kama anayechagua nazi. Akasema sawa.

Tulifunga siku ya Jumatatu, nyuma ya flati zao Upanga. Kazi ilikuwa safi, nasema bila kujisifu. Kila tundu la skrubu tulilijaza silikoni, na waya tuliupitisha pembeni usionekane. Mchana jua lilikuwa kali, mbingu tupu. Nikafungua simu kuangalia wati zinazoingia, nikakuta nusu ya ninazozitegemea.

Paneli zikiungwa kwa mstari mmoja ni kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Mmoja akilegea, wote wamelegea. Tukapima moja moja, na aliyelegea alikuwa wa tatu. Tukambadilisha. Mpya naye akalegea vilevile. Tukamhamishia mahali pa kwanza, akafanya kazi kama kichaa, na yule wa kwanza tuliyemweka mahali pa tatu akafa pale pale. Basi kasoro haikuwa kwenye paneli. Ilikuwa mahali.

"Kunguru," nikasema. Upanga ni mji wa kunguru, na pale walikuwa wamejaa juu ya gari, wanachafua kioo. Nikafuta, nikaning'iniza CD za zamani za kwaya kuzunguka paa lote, zimetamete ziwafukuze. Kunguru wakaenda zao. Siku ya pili wati zikashuka zaidi, na alfajiri ya Jumatano friji ikazima.

Kartik hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, "Dada Celina, umejitahidi. Jumamosi nakuja na mnunuzi. Akiikuta friji imezima, anachukua gari." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa Kosta, anavuta pindo la sari.

Mchana ule Uwesu alipanda kupima tena, akashuka haraka kuliko alivyopanda. Uwesu ni mtu wa Tanga, ametambaa kwenye mapaa tangu ujana, haogopi hata nyuki. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Bosi, mimi juu sirudi."

"Umepigwa shoti?"

"Kapande uweke mkono kwenye ile ya tatu. Halafu ushuke uniambie mwenyewe."

Nikapanda huku namsonya. Saa saba mchana. Paneli ya kwanza iliniunguza kidole. Ya pili hivyo hivyo, na ya nne. Ya tatu ilikuwa baridi. Si baridi ya kote; ilikuwa baridi katikati, kipande kirefu na chembamba, na kingo zake za moto. Nilikifuata kile kibaridi kwa kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye mabega nikajua ninashika nini. Hapakuwa na mti wala ghorofa la kuleta kivuli. Kioo kilikuwa kinang'aa kama vingine. Nilifanya ishara ya msalaba nikashuka, nasema kweli, niliogopa.

Bi Lilavati alikuwa ananingoja chini na maji ya kunywa.

"Ulijua," nikamwambia. Hata shikamoo nilishaisahau.

"Tangu siku mliyoweka."

Na mimi kila asubuhi nilikuwa nikimwona anapanda ile ngazi na magoti yake mabovu, nadhani anafuta vumbi.

Akanikaribisha ndani ya Kosta, tukakaa kwenye kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia. Shashikant alifia juu ya paa lile, akasema. Alikuwa anapima nafasi za paneli. Chakula kilikuwa mezani, akamwita, mume akajibu nakuja. Akamwita tena, akajibu nakuja, chakula kinapoa na mke ananung'unika. Mara ya tatu hakujibu. Walimkuta amelala chali, macho yanaangalia jua.

"Alikufa na njaa," akasema. "Na mimi maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa ya ukali, kwamba basi asile."

Akaendelea mwenyewe. Kwao, mwaka wa marehemu ukitimia, mwezi wa shraadh ukifika, unampikia kile alichokipenda, unakiweka juu ya paa kwa ajili ya kunguru. Kunguru wakila, yeye amekula. Akishakula ameridhika, anaendelea na safari yake. Mwezi wenyewe ulikuwa ndio huu. Watoto walimwuliza, akawaambia miguu inamuuma, watafanya baadaye.

"Na asipopikiwa?"

"Anasubiri."

"Mama, sasa anasubiri juu ya jua lako!"

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haitetemeki. "Mambo ni mawili, Celina: safari pamoja naye au safari bila yeye. Mimi nilitaka ya kwanza. Nilidhani paneli tatu zitatosha."

Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Bibi yangu alikuwa akiwamwagia wafu mbege kidogo chini, pombe yetu ya ndizi, kabla mtu hajanywa, na Jumapili yuko kanisani benchi la mbele, na hakuna padri aliyewahi kumshinda kwa hoja. Nikamwambia Bi Lilavati alivyokuwa akituambia bibi: mzee hanyimwi chakula ili asiondoke. Hasira zikanipanda, sijui nilikuwa namkasirikia nani. Nilitoka nikakata kamba za zile CD zote kwa mkasi.

Jumamosi alipika tangu asubuhi. Puri za moto, na maziwa yaliyochemshwa na mchele na iliki mpaka yakawa mazito. Kartik alifika na mnunuzi wake, akamkuta mama yake ameshafika juu ya ngazi na sinia, mimi nimemshika kiunoni. Nilitaka aweke sinia pembeni, kwenye bati. Akaweka kwenye paneli ya tatu, akamimina maziwa juu ya kioo changu. Nikafumba macho. Kioo kichafu ni umeme umekwenda, hilo hata mtoto wa Kariakoo analijua.

Hakuja kunguru. Upanga nzima, ambako huwezi kula andazi barazani bila kuporwa, hapakuwa na kunguru hata mmoja. Tulisubiri. Mmoja akatua mwishoni mwa paa, akatazama chakula, akainua kichwa akatazama kitu kilichokuwa kimelala mbele yake, akaruka akaondoka. Chini mnunuzi akacheka kidogo, akaacha.

Bi Lilavati akasema kitu kwa Kigujarati, pole pole. Kisha akakisema tena kwa Kiswahili, nadhani ili nami nishuhudie. "Shashikant. Njoo ule. Sikukasirikii."

Kunguru walikuja kama walioitwa harusini. Walikula puri, wakagombania maziwa, wakatawanya wali na kinyesi kioo kizima, wakanyanyuka kwa pamoja. Nikaangalia simu yangu. Paneli chafu kuliko zote nilizowahi kufunga ilikuwa imepanda, na zile nyingine zikapanda nayo, mpaka ukomo. Ndani ya Kosta friji ikaanza kunguruma.

"Dada Celina, imekubali!" Kartik aliita kutoka chini, naye alikuwa anaziona wati kwenye simu yake. Akampa mnunuzi mkono wa kwaheri, ni mtu wa neno lake. "Mama, umeshinda! Unaanzia wapi? Lushoto?"

Nami nikageuka nimpongeze. Alikuwa ameweka kiganja kwenye paneli ya tatu, katikati, palipobaki wali na manyoya.

"Ya moto," akasema.

"Mama, ondoa mkono, utaungua."

"Ya moto kote, Celina. Kote kote."

Nilimvuta, hakuvutika. Chini mwanawe alikuwa bado anauliza Lushoto au Kondoa.