Upande Mweusi Chini

Asubuhi ya kumalizia ngazi, Nyundo alipiga magoti kwenye matope akisawazisha jiwe la chini kwa pima maji. Yeye ndiye msimamizi wa kikosi kinachotengeneza njia za miguu katika hifadhi. Mvua ilikuwa imekula mteremko ule mpaka mizizi ikabaki nje, na wapandaji walikuwa wakiteleza na kuvunjika mikono. Kuchukua mawe mtoni kulikatazwa. Yaliyopungua waliyatoa kwenye uwazi mdogo jirani, ambako mawe matatu yalikaa yakitazamana, meusi upande wa ndani.

"Haya si mafiga?" aliuliza Mama Toroli, aliyekuwa akiyasukuma.

"Ni mawe," alisema Nyundo. "Weka upande mweusi chini."

Mama Toroli alimtazama, kisha akammiminia chai, maana alijua hajatia kitu tumboni.

Kesho yake mawe yale matatu yalikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza, ni wa sufuria iliyoepuliwa muda kidogo. Mchana yalinukia maharage yanayokaribia kuiva, na mtu akitulia alimsikia mwanamke akipuliza moto humo chini. Wapandaji walipapenda. Walikaa hapo wakala mikate yao. Ofisi ikabandika tangazo: Ni marufuku kuanika soksi kwenye ngazi.

Habari zilimfikia mama yake Nyundo. Alizaliwa mle ndani, kabla hapajaitwa hifadhi, wakahamishwa akiwa msichana, chakula kikiwa bado jikoni. Tangu mwanawe aajiriwe alikuwa na ombi moja tu: amtafutie mafiga ya mama yake, ayaguse kabla hajafa. Kila mara Nyundo alimjibu, "Msitu umeshameza kila kitu, Mama."

Alikuja kwa kibali cha mgeni, amevaa raba za mjukuu wake. Njia nzima Nyundo alimweleza habari za mifereji, ambazo hakuulizwa. Kwenye ngazi mama alisimama akanusa.

"Hajatia chumvi bado," alisema.

Akavua raba, akaweka kiganja juu ya jiwe la kwanza. Kisha akapenyeza vidole chini ya ukingo. Vikatoka na masizi.

"Aliyeyapindua alijua ni nini."

Nyundo alifungua kinywa. Mama Toroli alikuwa hapo, na mkuu wa hifadhi alikuwa amefika kumsalimia mgeni.

"Au labda mvua," mama aliongeza haraka. "Mvua nayo hupindua mawe." Akajifuta masizi kwa ndani ya gauni, mahali pasipoonekana. Nyundo aliona heri angepigwa kofi mbele ya watu.

Mama aliomba mafiga yarudishwe uwazini. Mkuu alimsikiliza kwa adabu, hata akamshika mkono.

"Mama yangu, ngazi zimeshaingia kwenye ramani. Na wageni wanazipenda mno."

"Hata mimi nawapenda wageni, baba. Lakini wanamkanyaga mama yangu akipika."

Mkuu alisema atalifikisha juu.

Mama hakukanyaga ngazi. Alipanda pembeni, kwenye matope, kwa mikono na magoti, Nyundo nyuma yake akimshikilia kiuno. Vijana waliokuwa wakishuka walisimama kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi. Ngazi ziko huku."

"Marahaba, wajukuu zangu. Shukeni salama."

Alirudi tena, akaja na wanawake wenzake waliohamishwa naye. Wote walipanda pembeni, wakishikana mikono, hadi matope yakawa njia. Ndipo agizo likatoka ofisini: njia ya pembeni inamomonyoa mteremko, izibwe.

Nyundo alikata matawi ya miiba na kuyapanga kama kazi inavyotaka, ncha zikielekea chini, zimkabili anayepanda. Kazi ilimpitisha saa ya chakula. Chini ya mawe, mwanamke aliacha kupuliza.

"Umekula, mjukuu wangu?" aliuliza.

"Nimeshakula, Bibi," alisema Nyundo, akaweka tawi jingine.