Kijiko cha Chang'aa

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Nilikuwa ndio nimerudi kutoka masomo ya jioni. Nilipowasha koroboi, nikamwona mama mkwe ameinamia kitoto changu Marvin na kijiko cha chang'aa.

"Mama, usimpe," nikasema nikimnyakua mtoto.

"Meno yanamsumbua. Okoth nilimlea na hii, na akakua mpaka akakuoa wewe."

"Ini lake bado changa. Halina vimeng'enya vya kutosha kuvunja pombe. Hata wale nzi wadogo kwenye pipa lako la kangara unayopikia chang'aa wanavyo, kwa sababu wamezaliwa humo vizazi na vizazi."

"Kwa hivyo huko unakosomea wamekufundisha mjukuu wangu ameshindwa na nzi."

"Kwa pombe, ndio ameshindwa."

Akacheka kwa dharau. "Sasa tuna daktari hapa mtaani Gatwekera. Haya, hajaonja. Shika mtoto wako."

Nilimwaga kikombe nje ya mlango. Marvin alikuwa mzito begani, ametulia, nikashukuru kwamba nimewahi.

Audrey, dada yake, akainua kichwa kitandani.

"Mama, hicho kilikuwa kijiko cha pili."