Donge la Jana

Mkono wake uliingia ndooni ukagusa plastiki tupu.

Mama Tanuri aliuzungusha mle ndani mara ya pili, polepole, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni huku anajua ameuacha mezani. Kando ya ndoo kulikuwa na ukoko mkavu, mwembamba kama ganda la kidonda, na harufu ya uchachu iliyokwisha anza kuaga. Basi. Nje kulikuwa kunapambazuka. Kuni zilikuwa zimepangwa, unga umechekechwa, chumvi imepimwa. Kilichokosekana ni kimoja tu, na hakuwahi kukikosa kwa miaka kumi na tisa.

"Nimekupika," aliiambia ndoo. "Mungu wangu, nimekupika."

Kila asubuhi, kabla hajakata hata mkate mmoja, alimega kwenye unga uliokandwa donge kubwa la kujaza viganja viwili, akalitia ndooni na kulifunika kwa kitambaa kibichi. Hilo ndilo la kuumulia unga wa kesho. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo mwezi wa kwanza wa ndoa: donge linatoka kwanza, halafu ndipo mizani inashushwa rafuni. Likishaingia ndooni haliguswi, hata aje mteja analia machozi. Hamira ya dukani ilikuwepo, lakini mkate wake ulipanda haraka na kukauka kabla ya jioni. Watu walivuka barabara mbili kuja kwa Mama Tanuri kwa sababu mkate wake siku ya tatu ulikuwa bado laini.

Jana mpishi wa kantini ya shule alitaka mikate sita ya ziada. Mikate sita ni elfu tatu, na elfu tatu ndiyo iliyopungua kwenye rejesho la mkopo wa simu, ambao ulikuwa ukimtumia ujumbe kila baada ya saa moja kama mtoto anayedai kunyonya. Akajiambia kwamba safari hii atamega mwishoni. Akakata, akapima, akakata, akapima. Kila kipande kilichofika mizanini kilikuwa tayari kina mwenyewe. Mwisho ubao ukabaki na vumbi jeupe tu, naye amesimama na kisu mkononi. Akajidanganya kwamba ule ukoko wa ndooni ungetosha.

Donge lile lilikuwa na ndugu mmoja tu duniani. Mama mkwe alipoanza kuugua alilikata katikati, nusu kwa mke wa mwanawe, nusu kwa binti yake. Na binti huyo, wifi wa Mama Tanuri, alikuwa akimdai elfu themanini.

Kwa miezi minne Mama Tanuri alikuwa amemkwepa. Aliujua mlio wa ndara zake tangu kwenye kona. Siku moja alijificha nyuma ya magunia ya unga, vumbi likampanda puani, akapiga chafya. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Afya, magunia," akaenda zake.

Mumewe alipokuwa hai, nyumba ile ilichangia. Harusi, mgonjwa, ada ya mtoto wa jirani. Daftari likipita, jina lao lilikuwa la juu. Alipofariki, Mama Tanuri aliogopa mtu asije akasema kwamba nyumba imeshuka. Akaendelea kuandika kiasi kilekile, kwanza kwa pesa yake, halafu kwa pesa za watu. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kila aliyemwona njiani alimwona bado ni mtu wa kutoa.

Alichukua bakuli, akajikaza kisabuni, akaenda.

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, wifi."

"Mimi nani? Maana wifi yangu nasikia kahamia ndani ya gunia."

"Wifi, jamani."

"Ingia basi, usisimame kama umeleta barua."

Wifi alikuwa akipiga pasi sare yake. Alikuwa karani wa zahanati, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimtazama mgeni wake kuanzia miguuni hadi kwenye bakuli.

"Sikuja na pesa," Mama Tanuri alisema upesi, kabla hajaulizwa.

"Naona. Umekuja na bakuli."

"Donge limekufa."

Pasi ilisimama. "La mama?"

"Nimelipika. Lote. Nilitaka mikate sita zaidi."

Alitarajia kelele. Wifi aliisimamisha pasi wima, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ndogo. Alipofunua, harufu ile ikajaa chumbani, chachu na tamu, na Mama Tanuri akaikumbuka mikono ya mama mkwe ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Donge lilikuwa limefura, limejaa mapovu madogo. Wifi aliweka kiganja juu ya mfuniko.

"Kabla sijalikata. Unadaiwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi najijua. Nani mwingine?" Alikuwa amekwisha chana ukurasa wa kalenda ya mwaka jana na kuugeuza upande mweupe.

"Duka la unga. Arobaini na tano."

"Nani mwingine?"

"Simu. Thelathini."

"Nani mwingine?"

"Kikundi cha sokoni. Sitini. Basi, wifi."

Wifi hakuweka kalamu chini. Kwa miaka ishirini alikuwa ameuliza watu umri wao kwenye dirisha la zahanati, na alijua jibu la kweli huja la pili au la tatu, ukinyamaza. Pasi ililia kidogo ikipoa.

"Fundi cherehani," Mama Tanuri alisema kwa sauti ndogo. "Elfu kumi na mbili. Nilimwambia ni za dawa."

"Zilikuwa za nini?"

"Za zawadi."

"Zawadi ya nani?"

"Ya harusi." Alitazama sakafu. "Ya binti yake."

Kalamu ikaning'inia hewani. "Yaani ulimkopa mama wa bibi harusi, ukaenda kumtunza mwanawe kwa hela zake mwenyewe?"

"Akanishukuru sana."

Wifi alijaribu kujizuia, miwani ikaanza kutetemeka puani. Kisha wote wawili waliangua kicheko, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na katikati ya kicheko hicho mmoja wao akawa analia. Wifi akamwacha alie. Akajumlisha.

Laki mbili na elfu ishirini na saba. Mama Tanuri hakuwahi kuiona yote mahali pamoja. Ilikuwa kubwa kuliko aliyokuwa akiikiri, na ndogo kuliko ile iliyokuwa ikimkalia kifuani.

"Deni langu sikusamehe, usinitazame hivyo," wifi alisema. "Nikikusamehe utanikwepa maisha yako yote. Niweke wa mwisho. Kila Ijumaa zamu yangu ni ya mchana, nitapita asubuhi kuiona karatasi. Ukiwa nacho, nionyeshe. Ukiwa huna, toka huko kwenye magunia uniambie, 'wifi, leo sina.' Nitakunywa chai, nitakwenda zangu."

Ndipo akalikata donge katikati.

Siku hiyo tanuri halikuwashwa. Donge lilihitaji kulishwa unga na maji na kuachwa likue, na mlangoni paliandikwa kwa chaki neno moja: *Kesho*.

Ukurasa wa kalenda ulibandikwa juu ya ubao wa kukandia, na chini yake yakapangwa makopo matatu ya maziwa yaliyokwisha. Moja aliliandika la deni, moja la unga na kuni, na dogo kuliko yote, la kuchangia watu. Jioni ya kwanza alingoja hesabu zifungwe ili atie makoponi kitakachobaki. Hakikubaki kitu. Jioni ya pili vilevile. Alitikisa kopo la deni, likajibu kwa sarafu moja.

Asubuhi ya tatu alimega donge, akalitia ndooni. Mikate ya kwanza ilipotoka na wateja wa kwanza kulipa, alizitazama noti zile, elfu moja na mia tano, bado ziko mkononi. Mkono wenyewe ulikuwa haujaoshwa vizuri. Akazitumbukiza koponi. Ziliingia zikiwa na alama za vidole vyake kwa unga. Ndipo akamgeukia mteja aliyefuata.

Mambo hayakwenda kama mshale. Wiki ya tano mvua ililowesha kuni, akamwaga kopo la deni kununua nyingine. Ijumaa hiyo alizisikia ndara kwenye kona na miguu yake ikaanza, yenyewe, kuelekea kwenye magunia. Akairudisha. Alisimama katikati ya chumba, mikono kwenye aproni.

"Wifi, leo sina."

"Chai ipo?"

"Chai ipo."

"Basi." Na wifi akavuta kigoda.

Fundi cherehani alifutwa wa kwanza kwenye karatasi, halafu simu. Siku simu ilipoacha kulia, Mama Tanuri aliiangalia mara kadhaa akidhani imeharibika.

Mwezi wa nne tangu karatasi ibandikwe, akaja mdogo wake wa kiume, amenyoa vizuri, na daftari kwapani.

"Dada, rafiki yangu anaoa. Nimekuandika elfu ishirini, kiwango kilekile cha shemeji."

Mama Tanuri alifuta mikono kwenye aproni. Alichukua kopo dogo, akalimwaga ubaoni, sarafu zikazunguka kwenye vumbi la unga na kulala.

"Elfu mbili na mia nne," alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Ndiyo iliyomo."

"Unatania."

"Hesabu mwenyewe."

"Dada, watu watasemaje?"

"Watasema. Wakimaliza watakuja kununua mkate."

Mdogo wake alizoa sarafu, akafuta jina la juu, akaandika chini. Alifika mlangoni, akarudi, akanyakua mkate wa moto. "Huu nachukua kwa hasira."

"Mia tano," alisema Mama Tanuri.

Akalipa, kwa sarafu zilezile.

Mwezi wa nane ulipokaribia kwisha, karatasi ilikuwa imelainika kwa mvuke, na jina moja tu lilikuwa halijapigwa mstari. Ijumaa hiyo alimkabidhi wifi elfu tano za mwisho. Wifi alizihesabu mara mbili, si kwa kutomwamini, bali kama mtu asiyetaka zimalizike. Akapiga mstari mwenyewe.

"Haya. Hunidai, sikudai."

"Hatudaiani."

Chai ya wifi ilibaki nusu. Alitafuta ndara zake zilizokuwa miguuni, akaaga, akaenda, na hakuna aliyesema chochote kuhusu Ijumaa nyingine.

Ijumaa nyingine ikafika. Mama Tanuri alikanda unga mapema. Akafagia mahali palipokuwa tayari pamefagiwa. Alitoa vikombe viwili, akakirudisha kimoja. Makopo yalikuwa mahali pake. Lile la deni sasa alikuwa amelifuta maandishi, na hakuwa bado ameamua aandike nini, ingawa noti ziliendelea kuingia humo kila asubuhi.

Ndara zikasikika kwenye kona.

Wifi alisimama mlangoni, bakuli mkononi. Alikuwa akiyatazama magunia.

"Langu limekufa," alisema. "Jana nilipitiwa."

Mama Tanuri aliutazama mkono ulioshika bakuli. Juu ya kifundo, ukingoni mwa mkanda wa saa, palikuwa na utepe wa unga uliokandwa, bado mbichi, na ile harufu ya donge lililo hai, chachu na tamu, ilikuwa imeingia naye.

"Pole, wifi," alisema. "Keti."

Mizani ilikuwa bado rafuni. Mama Tanuri alizamisha vidole kwenye unga wa siku, akamega donge la kwanza, akalitia ndooni. Akamega la pili, akaliweka ndani ya bakuli la wifi yake, akalifunika kwa kitambaa kibichi. Akavisogeza vyote karibu na joto la tanuri, kisha akainjika chai.

Walikuwa kwenye kikombe cha tatu, wakimsema mdogo wake na hasira zake, vitambaa vile viwili vilipoanza kuinuka katikati.