Breki Kavu

Tangu watu wa runinga waingie kwenye gereji ya akina Pruchnik, hakuna jambo lililofanywa mara moja likaisha. Lyle aliwahi kufungua mlango uleule mara tatu kwa sababu eti hakuonekana kushangaa. Dada yake Roxanne, mwenye gereji, aliagizwa amgombeze kila asubuhi mbele ya kamera, naye akanogewa, akawa anamgombeza hata zikiwa zimezimwa.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha Mzee Orville Stadnik, mstaafu wa kiwanda cha chuma, aliyemfundisha Lyle kuchomelea. Mkewe alipougua, mzee aliuza pikipiki yake; sasa wenzake wa kiwandani walitaka kumshtukiza kwa pikipiki mpya ya aina ya chopa. Lyle aliimwagia roho yake yote. Ilibaki breki tu. Ilikuwa nayo moja, ya nyuma, na bomba la kupitishia mafuta ya breki lililoletwa halikuwa lake.

"Tungoje Jumatatu," Lyle alisema.

"Jumatatu hawa wako Texas," Roxanne akajibu. "Ifunge hivyohivyo kavu, ionekane tu. Mzee atakaa, atawasha, atalia kidogo, basi. Kamera zikizimwa tunamwambia."

"Na akiondoka nayo?"

"Aende wapi na goti lile bovu? Acha nuksi zako, Lyle."

Lyle akaifunga bila tone la mafuta ya breki. Moyo ulimsuta, lakini aliifunga.

Siku ya kukabidhi, watu walijaa barabarani. Mtayarishaji, kijana aitwaye Trent, alikuwa amemkanya Lyle asifungue mdomo, maana alikwisha kuharibu picha mbili kwa maneno yake ya ufundi. Kitambaa kikavutwa. Mzee Orville akaizunguka chopa, akapapasa fremu, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Hii kazi ya Lyle," alisema. "Hata mngenifunga macho ningeijua."

Akapanda, akawasha. Ule mlio ulimtoa uzee wote. Lyle alimwona anabana klachi na kuingiza gia.

Hapo ndipo alipotakiwa kupiga kelele. Lakini kamera ilikuwa usoni pake na Trent ameinua kidole kumnyamazisha, naye Lyle, fundi mzima, akamtazama Trent kwanza. Alimtazama kwa muda wa kumeza mate tu, na mzee akawa ameshaondoka.

Mtaa ule unateremka moja kwa moja hadi kwenye reli. Lyle alimkimbilia, mikono juu, akipayuka, "Haina breki! Mzee, haina breki!" Umati ukadhani ni furaha, ukashangilia kumzidi. Huko chini mzee aliligonga lori la mikate lililoegeshwa.

Madaktari walimwokoa. Mguu wa kushoto hawakuweza kuuokoa.

"Anadhani kosa ni lake," Roxanne alimnong'oneza Lyle kwenye korido ya hospitali. "Mwache adhani hivyo. Ukisema, gereji imekwisha, na sisi tumekwisha." Lyle akanyamaza, na usingizi ukamhama.

Kipindi kiliporushwa, mzee alikuwa kwenye nyumba ya kuuguzia, na alishikilia kwamba lazima wakitazame pamoja. Yote yalikuwemo, kitambaa, machozi, mlio. Kisha akaonekana Lyle akikimbia mikono juu, sauti yake imefutwa, muziki umewekwa mahali pake. Lori halikuonyeshwa.

"Muone huyu!" Mzee Orville alicheka. "Hata harusini kwako hukufurahi hivi." Kisha kicheko kikamwisha. "Nimewaharibia kazi, kijana wangu. Ningeapa kwamba nilikanyaga breki. Uzee ni balaa. Nimemwambia binti yangu auze na gari, nisije nikaua mtoto wa watu."

Lyle akashindwa kuvumilia.

"Ulikanyaga, mzee," alisema. "Ulikanyaga sawasawa. Haikuwa na mafuta ya breki. Niliifunga kavu kwa ajili ya picha."

Mzee alizima runinga. 

"Na zile kelele zako?"

"Nilikuwa nakwambia haina breki."

"Ulikumbuka nilipokuwa naenda," mzee aliuliza taratibu, karibu kama anamwombea kwa Mungu, "au ulijua tangu napanda?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, mzee mwenyewe ameifungua. Lyle aliiona, na aliitaka mno.

"Nilijua tangu unapanda."

Mzee Orville akageuza uso ukutani.

"Kamwite muuguzi aje anilaze," alisema. Kila jioni tangu aletwe pale, aliyekuwa akimbeba hadi kitandani ni Lyle.